Maswali ya Wasomaji: Mgeni Katika Kwaya Kubwa

Mazoezi ya nyimbo za Krismasi yanakaribia kuanza, na barua nyingi za mwezi huu zinatoka kwa watu wanaotaka kuingia kwaya kubwa kwa mara ya kwanza, zile za watu sitini, themanini, hata mia, ambao hawalipwi na wengi wao hawakusomea muziki.

*Kuna kwaya hapa Kampala yenye waimbaji wapata themanini inayopokea watu wapya. Nina miaka 31 na sijawahi kuimba popote isipokuwa nikiwa nimekaa kwenye benchi kanisani. Nasikia kuna usaili wa sauti. Wataniuliza nini? Nisipojua kusoma nota nitarudishwa nyumbani? — Mwenye hofu, Ntinda*

Hutarudishwa kwa sababu ya nota. Kwaya ya watu themanini haikosi watu wa kupaza sauti. Inachokosa siku zote ni watu wanaosikiliza, na usaili hupima hilo kuliko kitu kingine. Kwa kawaida ni dakika kumi au kumi na tano tu, wewe na mwalimu wa kwaya na kinanda.

Kwanza mwalimu anatafuta sauti yako inakaa wapi. Atapiga do re mi fa so fa mi re do, nawe utaimba kwa "a" au "ma". Kisha atapandisha nusu hatua, apandishe tena, hadi shingo yako ianze kukaza, halafu arudi chini vivyo hivyo. Usijitutumue. Nota unayoigusa mara moja kwa kupiga kelele haimsaidii. Anataka kujua eneo ambalo unaweza kuimba saa nzima bila kuumia. Kwaya za namna hii zina sauti nne: soprano na alto za wanawake, tena (tenor) na besi za wanaume. Soprano huimba kati ya nota ya C ya katikati ya kinanda na A ya oktava (ngazi ya nota nane) inayofuata juu. Alto huanzia G iliyo chini ya C hiyo ya katikati, akafika D ya oktava inayofuata. Sauti ya tena huanzia C iliyo oktava nzima chini ya ile ya katikati na kufika G iliyo juu ya C ya katikati. Besi hushuka hadi F iliyo chini ya C ya tena, na juu huishia D, jirani wa C ya katikati.

Pili, sikio. Atapiga nota moja uirudie. Baadaye atapiga mbili kwa pamoja akuombe uimbe ile ya chini, na hapo ndipo wengi hukwama, maana sikio lililozoea tuni hukimbilia nota ya juu lenyewe. Hili linafundishika. Weka programu ya kinanda kwenye simu, piga nota mbili pamoja, imba ya juu, kisha ya chini. Dakika kumi kila siku kwa wiki moja, utaona tofauti.

Tatu, atapiga makofi nawe uyarudie. Hili ni jepesi.

Mwisho utaimba ubeti mmoja wa wimbo unaoujua. Kosa la kawaida ni kuanza juu mno kwa woga, hadi kiitikio kinapofika koo limeshafunga. Omba upigiwe do kwanza, ianze chini kidogo ya unavyodhani. Na usiige mapambo ya waimbaji wa redio. Sauti inayotetemeka na kuzungushwa hupendeza ikiwa peke yake, ila ikiwekwa katikati ya themanini hujitokeza kila mstari, na mwalimu anajiuliza atakuweka wapi isisikike.

Kuhusu nota, sema wazi kwamba husomi. Mwalimu atajua cha kufanya. Anayedai anasoma kumbe hasomi hugundulika siku ya kwanza, wenzake wakifungua ukurasa wa pili naye bado yuko wa kwanza.

Nawe uliza yako: mazoezi ni mara ngapi kwa wiki, ada ni kiasi gani, sare unashona mwenyewe au unaazimwa, na mazoezi yanaisha saa ngapi. Yakiisha saa mbili usiku, boda ya kurudi Ntinda ni gharama ya kila wiki. Ihesabu kabla hujaahidi.

*Nimewekwa alto. Nikiwa nyumbani najua sehemu yangu, lakini soprano wakianza tu najikuta niko kwenye tuni yao. Kiongozi wetu wa sauti ameanza kunitazama vibaya. — Dada wa Mbale*

Dada, sehemu ya alto ina ugumu wake ambao watu hawausemi. Tuni umeisikia tangu utotoni, imekaa mwilini. Alto mara nyingi hukaa kwenye nota ileile mara nne, tano, kisha husogea hatua moja tu. Hakuna cha kushika. Soprano wakiruka, sikio huruka nao.

Tuchukue mfano mdogo kabisa, ile Amina ya mwisho wa nyimbo za ibada. Katika mpangilio wake wa kawaida, "A" inaimbwa hivi: besi fa, tena fa ya juu yake, alto la, soprano do. Halafu "mina": besi anashuka do, tena anashuka mi, alto anashuka so, soprano anabaki do palepale. Alto mgeni anasikia soprano hajasogea, naye anabaki kwenye la. Hapo ndipo ule uchachu unaomfanya mwalimu asimamishe watu wote. Kazi yako ni hatua moja, la kwenda so, wakati jirani yako hatikisiki. Ukiweza hiyo bila kutetereka, umeshika siri ya sauti yako yote.

Namna ya kuifanyia kazi: imba la – so kwa majina ya solfa (yale ya do, re, mi), bila maneno, hadi uchoke. Jirekodi kwenye simu. Kisha tafuta mtu, hata mtoto nyumbani, ashikilie do kwa sauti ndogo wakati wewe unashuka. Aongeze sauti kidogo kidogo. Watu wengi hufanya kinyume: wanasikiliza rekodi ya kwaya nzima mara hamsini wakiifuatisha kwa mdomo, na kila mara wanajifundisha soprano upya. Kama kwaya yenu inatuma rekodi za sauti mojamoja kwa WhatsApp, tumia ya alto peke yake mpaka uimbe bila hiyo, ndipo uchanganye.

Kwenye karatasi, zungushia kwa penseli kila mahali alto anapokutana na soprano kwenye nota moja au anapopishana naye kwa hatua moja. Hapo ndipo utateleza, si kwingine. Pia andika unapata wapi nota yako ya kuanzia baada ya kimya: labda ni nota ya mwisho ya tena, labda ni do ya besi. Sikiliza chini, usisikilize juu. Besi ndiye sakafu.

Halafu kuna suala la kukaa. Usikae mpakani na soprano. Mwombe kiongozi wa sauti akuweke katikati ya alto wawili wenye uhakika, kwa mwezi mmoja tu. Ukimwomba mwenyewe, hatakutazama vibaya tena. Kuziba sikio moja kwa kidole wakati wa mazoezi ili ujisikie kunaruhusiwa. Kuziba yote mawili ni kuacha kuimba na wenzako.

*Nimepewa karatasi imejaa herufi, nukta na vistari. Wenzangu wanaiimba kana kwamba ni gazeti. Nisaidieni. — Kaka wa Jinja*

Hiyo ni solfa. John Curwen aliieneza Uingereza karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu wa kike, Sarah Glover. Iliandikwa kwa ajili ya watu kama wewe: waimbe sauti nne bila kusoma nota za mistari mitano. Ndiyo maana imedumu makanisani na mashuleni kwetu.

Soma mstari huu:

| d :r | m :— | s.f :m.r | d :— |

Mistari ya wima inagawa vipimo. Nukta pacha inatenganisha mapigo, kwa hiyo kila kipimo hapa kina mapigo mawili. Gonga meza kwa mkono polepole: do, re, pigo mojamoja. Kisha mi, na kile kistari kinakuambia uendelee kuishikilia pigo la pili. Kipimo cha tatu kina nukta moja katikati ya herufi, maana yake pigo limekatwa nusu: so-fa katika pigo moja, mi-re katika linalofuata. Unamaliza na do ya mapigo mawili. Mkato ukiongezwa, pigo linakatwa robo. Nafasi tupu ni kimya, usiijaze.

Juu ya ukurasa kumeandikwa do ni ipi, mathalani F. Do inahama wimbo kwa wimbo, umbali kati ya nota hauhami. Kialama kidogo juu ya herufi kinaipeleka oktava ya juu, chini yake kinaishusha. Ukiona fe, ni fa iliyopandishwa nusu hatua. Ta ni ti iliyoshushwa. Ukiona herufi ndogo imebanwa pembeni ya kubwa, wimbo unabadili ufunguo: imba kimo cha ile ndogo lakini uiite kwa jina la kubwa, na kuanzia hapo do ni mpya. Wageni wengi hupotelea hapo, kwa hiyo weka alama ya penseli mapema.

Tahadhari moja ya kweli. Karatasi za kwaya ni nakala ya nakala ya nakala. Mashine ikichoka, nukta na mikato ndiyo inayofifia kwanza, na s.f inakuwa sf. Kama mdundo wako haupatani na wa jirani, kabla ya kujilaumu linganisha karatasi yako na ya mwalimu.

*Mimi lugha yangu ni Kiswahili na Kilugbara. Kwaya inaimba Kiganda, Kilatini na Kiingereza. Matamshi yananitia aibu. — Msomaji, Arua*

Kilatini kwanza, kwa sababu hapo una faida. Irabu zake za kanisani ni zetu zilezile tano, a e i o u, zitamke kama unavyosoma Kiswahili. Herufi c ikifuatwa na e au i ni "ch": *pacem* ni "pachem". *Agnus* ni "anyus". *Excelsis* ni "ekshelsis". *Regina* ina "ji". Andika juu ya mstari kwa tahajia ya Kiswahili na umemaliza nusu ya kazi.

Kiganda kinataka subira zaidi, kwa sababu urefu wa sauti hubadili maana. *Okusiga* ni kupanda mbegu. *Okusiiga* ni kupaka. Konsonanti zilizoandikwa mara mbili zinashikiliwa kabla ya kuachiwa. Tazama *Kitaffe ali mu ggulu*, Baba yetu uliye mbinguni. Msemaji wa Kiswahili huimba "ki-ta-fe", nyepesi, haraka. Mganda anasikia makosa mawili. K mbele ya i inakaribia "ch", na ile ff inabanwa kwenye midomo kwa muda wake kabla ya e kutoka. Vivyo hivyo g ya *ggulu*. Ukiipitia juujuu, unataja mji wa Gulu. Kazi kama oratorio (utungo mrefu wa kidini wa kwaya) ya mashahidi wa Uganda ya Joseph Kyagambiddwa, ya 1964, mwaka ambao Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu, imefumwa na usemi wa Kiganda wenyewe, kwa hiyo neno likikosewa na mdundo unayumba. Mwombe Mganda mmoja akusomee maneno tu, bila tuni, umrekodi.

Kiingereza na Kilatini vina shida moja ya pamoja: maneno yanaishia kwa konsonanti, wakati Kiswahili na Kiganda huishia kwa irabu. Tukiwa themanini, s ya mwisho ikitoka kwa nyakati tofauti inakuwa mlio wa nyoka ukumbini. Shikilia irabu hadi pigo ambalo mwalimu amelitaja, ndipo uiweke s au t pamoja na wote. Ukisita, iache. Wenzako wanatosha kuitamka.

*Mimi ni muuguzi, zamu za usiku. Nitakosa nusu ya mazoezi. Niache tu? — Gulu*

Usiache. Mpe mwalimu ratiba ya zamu zako siku ya kwanza, kabla hajaanza kukuhesabia utoro. Pata mtu mmoja wa sauti yako atakayepiga picha alama alizoandika kwenye karatasi: wapi pa kupumua, beti gani imeachwa, wapi pa kuimba taratibu. Hizo alama ni muhimu kuliko rekodi. Zamu nyingine kosa, lakini mazoezi ya mwisho ya pamoja usikose kwa lolote, kwa kuwa huko ndiko mnapangwa kusimama, kuingia na kutoka. Ukishindwa kuyahudhuria, jiondoe tamasha hilo mwenyewe, uendelee na linalofuata.

*Mimi ni Muislamu wa Bombo. Napenda sana kuimba sauti nne, lakini kila kwaya kubwa ninayoijua ni ya kanisa. — Msomaji*

Kwaya ya kanisa ni ibada kabla ya kuwa muziki, na hakuna atakayekulaumu ukiona si mahali pako. Tafuta kwaya za kazini, za vyuo na za mji. Hizo huimba nyimbo za asili, Wimbo wa Taifa aliotunga George Kakoma, na wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao maneno yake ni ya Kiswahili, na hapo wewe ndiwe wa kuwasahihishia wengine mkazo wa silabi. Hata hivyo omba orodha ya nyimbo kabla ya kujiunga. Kazi kubwa za jukwaani kama *Messiah* ya Handel, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin 1742, maneno yake ni ya Biblia hata ikiimbwa nje ya kanisa. Si ajabu mtu kumwambia mwalimu, kwa heshima, kwamba tamasha hili ataimba na lile atakaa. Mipaka yenyewe waulize walimu wako wa dini.

*Nasimama mstari wa nyuma kabisa. Mwalimu ananiambia nachelewa, na mimi naimba sawasawa na ninaowasikia! — Besi, Entebbe*

Ndugu yetu, hapo penyewe ndipo tatizo lilipo: unaimba na unaowasikia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukumbi ukiwa mpana na waimbaji wa upande wa pili wako mita 17 kutoka kwako, unawasikia sehemu moja ya ishirini ya sekunde baada ya kutoka mdomoni mwao. Ukiwasubiri ndipo uimbe, yako inarudi kwao imechelewa mara mbili. Wao wakikungoja nao, wimbo mzima unazidi kulegea, na kinanda kinabaki peke yake mbele.

Mwanga hauchelewi. Fuata mkono. Kwa mapigo manne mkono wa kulia wa mwalimu hushuka, huingia ndani, hutoka nje, hupanda. Kwa matatu hushuka, hutoka, hupanda. Pigo la kwanza daima ni lile la kushuka. Kabla ya kuingia anatoa pigo moja la maandalizi. Hapo vuta pumzi pamoja naye, na mwendo wa pumzi hiyo ndio mwendo wa wimbo. Jifunze kwa kichwa mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila ubeti, kwa sababu hapo ndipo macho yako lazima yawe kwake. Inua karatasi hadi kifuani, ili macho yahame bila kichwa kuinama. Shingo iliyoinama inabana sauti pia.

Masikio tumia kwa kimo cha sauti, hasa mkiimba bila kinanda. Kwaya kubwa hushuka bila kujua, na mara nyingi inaanzia kwa watu wanaoimba wakiwa wameishiwa pumzi. Mna faida moja ya wingi: mnaweza kupokezana. Pumua katikati ya neno refu ambapo jirani yako hapumui, urudi polepole, na msikilizaji hatasikia pengo.

*Tamasha letu ni la saa mbili, tumesimama. Mwaka jana mwenzetu alianguka. Na sauti yangu hukauka wiki hiyohiyo. — Mama wa Masaka*

Mama, kuanguka mara nyingi kunatokana na kusimama wima na magoti yamekazwa nyuma. Misuli ya miguu isipofanya kazi, damu inatuama chini na kichwa kinakosa. Ongeza joto la majoho na tumbo tupu, na mtu anakwenda. Weka miguu upana wa mabega, magoti yamelegezwa kidogo, hamisha uzito toka kisigino hadi vidoleni kati ya nyimbo. Kula saa mbili kabla, chakula cha kawaida, si cha kuvimbisha. Ukiona giza au jasho baridi, kaa chini hapohapo ulipo, usijaribu kutoka mstarini. Walio kando yako wasogee tu. Mkubaliane hivyo mapema ili asiwepo wa kushtuka.

Kuhusu sauti, kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, maana yakinywewa nyuma ya jukwaa yanalowesha kinywa tu. Wiki ya tamasha usishangilie mpirani wala usipige soga juu ya kelele za boda. Kama imeshakauka, nyamaza, na usinong'one: wengi hukaza koo wakinong'ona, wakaichosha sauti zaidi. Katika mazoezi imba oktava ya chini au tamka maneno kwa midomo tu, umjulishe kiongozi wa sauti. Pipi za kufanya koo ganzi ziepuke kabla ya kuimba, kwa kuwa zinaficha maumivu ambayo yangekuonya usimame. Ukwaruzo ukizidi wiki tatu bila mafua, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hata kama tamasha limeshapita.